Hofu ya Maumbile na Hatari Isiyoonekana

Katika Segese na vijiji vingine vya ukanda wa dhahabu, kutoka Shinyanga hadi Geita, mtoto akutanapo na nyoka njiani huruka kando kabla ya kufikiri. Mtoto huyo huyo huweza kusimama kwa utulivu karibu na moto ambapo dhahabu iliyoshikwa na zebaki inachomwa, ingawa mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa nini hatari moja imshtue na nyingine isimshtue?

Elimu ya mageuzi ya viumbe yatusaidia kujibu. Mwaka 1978, huko Laetoli, kundi la watafiti la Mary Leakey liligundua nyayo za viumbe waliotembea wima yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Wahenga wa binadamu waliishi kati ya nyoka na wanyama wakali. Aliyeshtuka upesi alisalimika na kuzaa. Aliyezubaa mara nyingi aliangamia. Hivyo wepesi wa kuogopa hatari za namna hiyo ukarithiwa. Kinyaa nacho hutuepusha na vitu vilivyooza. Lakini mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Hakuna hisia tuliyorithi ya kutuonya juu yake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba hofu huzaliwa imekamilika. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, Susan Mineka na Michael Cook walichunguza kima waliolelewa maabara. Kima hao hawakuogopa nyoka mpaka walipowaona wenzao wakiogopa. Ndipo wakajifunza upesi. Walipoonyeshwa filamu za wenzao wakionekana kuogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua.

Walimu wanafunzi wayatafakari mambo mawili. Kwanza, tusimdhihaki wala kumwadhibu mtoto kwa woga wake, kwani woga huo umewahifadhi wahenga wake. Pili, pale ambapo maumbile yamenyamaza, shule haina budi kusema. Katika somo la sayansi, tuchore ubaoni safari ya mvuke: kutoka motoni hadi hewani, puani, mapafuni, kisha damuni na ubongoni. Kamwe tusilete zebaki darasani kuwa zana ya kufundishia. Tuwaeleze wanafunzi wasikaribie mahali inapochomwa, wala isichomwe nyumbani au katika chombo cha kupikia.

Zaidi ya hayo, mtoto hujifunza hofu kwa kumtazama mkubwa. Mwalimu afundishaye madhara ya zebaki asubuhi, kisha jioni akaonekana akipiga soga kando ya moto huo, amelifuta somo lake mwenyewe.