Ampli toka ng'ambo: kabla ya kubadilisha transfo, soma nyuma yake

Ampli iliyonunuliwa kwa michango ya kwaya inaweza kuungua siku ya kwanza kuchomekwa. Katika miji kama Butembo, Bunia na Goma, makanisa, baa na wapiga muziki wa arusi hutumia vyombo vingi vilivyokwisha kutumika ng'ambo, ambavyo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Bei yake ni nafuu na sauti ni nzuri. Shida ni kwamba vingi havikutengenezwa kwa umeme wetu.

Nchini Congo umeme wa nyumbani ni volti 220, mizunguko 50 kwa sekunde. Japani hutumia volti 100. Marekani na Canada hutumia volti 120, mizunguko 60. Ukichomeka ampli ya Japani kwenye volti 220, transfo inapokea zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Chuma chake kinashindwa, waya wa shaba unapata moto, na fyuzi ikichelewa kukatika, transfo inakufa.

Anza na alama

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: soma maandishi nyuma ya ampli. Vyombo vingine vina kitufe cha kuchagua 110 au 220. Vingine vimeandikwa 100–240, navyo vinapokea umeme wetu bila shida. Tena, kuna transfo zenye misokoto miwili ya volti 110 upande wa kuingilia. Fundi akiiunganisha kwa kufuatana, inapokea 220 bila kununua kitu.

Kama transfo ni nzima lakini ni ya volti 110 tu, unaweza kununua transfo ya nje inayopunguza 220 kuwa 110. Iwe na nguvu kuliko ile ampli inayokula. Kumbuka pia kwamba chombo cha mizunguko 60 pekee hupata joto zaidi kwenye 50.

Ikiwa imeungua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuona transfo mpya inatoshea ndani ya sanduku haitoshi. Fundi anapaswa kujua volti zinazotoka, nguvu yake, na kama kuna msokoto mdogo unaolisha sehemu ya vitufe na maikrofoni. Transfo inayotoa volti 35 kila upande huzaa karibu volti 49 baada ya diodi. Ukiweka ya 45, zinapita 60, na kondensata zilizoandikwa volti 50 zinaweza kupasuka.

Njia nyingine ni kuisokota upya. Fundi anafungua waya akihesabu mizunguko yote. Ili kutoka volti 110 kwenda 220, msokoto wa kuingilia unapewa mizunguko mara mbili, kwa waya wenye unene wa nusu ya eneo la ule wa kwanza. Kwa hiyo nafasi inatosha. Transfo ya duara ni ngumu zaidi kusokota kwa mkono, na bolti yake ya katikati isigusane na sanduku juu na chini kwa pamoja: hapo itakuwa msokoto uliofungwa, nayo itaungua tena.

Fyuzi nayo ibadilishwe. Kwa nguvu ileile, volti zikiongezeka mara mbili, ampea zinapungua nusu: penye 8 wekwa 4. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kualika moto ndani ya nyumba.

Siku ya kuwasha, bafle zisiunganishwe kwanza. Mafundi waangalifu hupitisha umeme kwenye balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 60 au 100. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili nzuri. Ikibaki inang'aa, zima: kuna kasoro ndani. Na usiingize mkono mara baada ya kuchomoa, kwa maana kondensata hubaki na umeme.

Kwa mnunuzi, ulinzi bora ni kabla ya kulipa: soma alama ya volti, kisha omba muuzaji aiwashe mbele yako, kwa umeme huuhuu wa 220.