Mfumo wa Injekta Unaojirekebisha Hauoni Kila Kitu

Nchini Marekani, wamiliki wengi wa magari ya miaka ya 1960 na 1970 wameng'oa kabureta na kufunga mahali pake injekta za kielektroniki zinazojirekebisha zenyewe. Holley Sniper na FiTech zinajulikana sana. Mnunuzi huahidiwa raha: ingiza ukubwa wa injini na aina ya kamshafti, washa, endesha, kompyuta itapanga mafuta. Kwa injini nzima ahadi hiyo hutimia kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kwamba kompyuta hujifunza kupitia sensa moja tu, iliyofungwa kwenye bomba la eksozi.

Sensa hiyo hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Petroli huungua kikamilifu kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Oksijeni ikizidi kiwango kilichowekwa, kompyuta huchukulia kuwa mafuta ni machache na kuongeza, ikipungua, hupunguza. Oksijeni hiyo imetoka wapi, haijui.

Chukua V8 kama Chevrolet 350 yenye plagi moja iliyokufa, upande uleule wenye sensa. Silinda hiyo huvuta hewa na petroli, haichomi, kisha husukuma vyote kwenye eksozi. Sensa inakutana na oksijeni tele, na kompyuta inaongeza mafuta. Haiongezi kwa silinda moja. Inaongeza kwa zote nane, kwa sababu injekta humwaga kwenye manifoldi ya pamoja. Silinda saba zilizokuwa nzima sasa zinapata mafuta kupita kiasi, plagi zake zinashika masizi, na baada ya muda nazo zinaanza kumisi. Mbaya zaidi, marekebisho hayo yanaingia kwenye kumbukumbu. Ukibadilisha plagi leo, gari litaendelea kunywa mafuta kwa ajili ya ugonjwa uliokwisha kupona, mpaka lijifunze upya.

Gasketi ya eksozi inayovuja kabla ya sensa hudanganya kwa namna hiyohiyo. Watu hudhani tundu hutoa moshi tu, kumbe kati ya pigo moja la moshi na lingine, presha ndani ya bomba hushuka na hewa ya nje huingia. Kamshafti ya mashindano nayo huacha vali za kuingiza na za kutoa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, hivyo injini ikizunguka polepole, hewa mbichi hupenya moja kwa moja hadi eksozi. Gari likisimama kwenye taa, kompyuta inamwaga mafuta hadi macho yanawasha, ilhali sensa bado inasema hayatoshi.

Taimingi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Cheche ikiruka mapema mno, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka, wakati oksijeni kwenye moshi inaonekana sawa kabisa. Mifumo mingi ya aina hii inaweza kuendesha taimingi, lakini hufuata namba alizoweka mtu, haijifunzi. Magari ya kisasa hutoka kiwandani na sensa ya kusikiliza kugonga huko. Injini hizi za zamani kwa kawaida hazina.

Kuwasha asubuhi ya baridi na kukanyaga mafuta ghafla pia hubaki kazi ya mtu. Injini ikiwa baridi, kujifunza husitishwa. Na mguu ukikanyaga kwa nguvu, hitaji la mafuta hupita kabla moshi wake haujafika kwenye sensa.

Kwa hiyo fundi makini huanza na plagi, gasketi za eksozi na taa ya taimingi kabla ya kuruhusu kompyuta ijifunze chochote. Presha ya mafuta nayo ipimwe, maana kompyuta huichukulia kuwa haibadiliki. Baada ya safari kadhaa, afungue skrini aangalie asilimia za marekebisho. Kupanda au kushuka kidogo ni kawaida. Lakini akikuta kompyuta imeongeza asilimia 20 injini ikizunguka polepole na karibu sifuri kwenye mwendo wa barabara kuu, ashuku kwanza eksozi inayovuja au ile kamshafti, maana hewa ya ziada ya namna hiyo humezwa na wingi wa moshi injini inapokimbia. Nyongeza ikiwa kubwa kwenye kasi na mzigo tu, aende kwenye pampu na filta ya mafuta.