Mtoto Aulizapo Taa Inatoka Wapi

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kukaa nyuma ya darasa la tano, katika skuli moja ya msingi ya Mkoa wa Kaskazini Pemba, tukamsikiliza mwalimu akisomesha somo la mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu alikuwa kijana mwenye bidii, na ubao wake ulijaa pembe zote nne. Aliwaandikia watoto maana ya tabianchi, akawaandikia maana ya nishati, kisha akawachorea kiwanda chenye moshi na dubu mweupe aliyesimama juu ya pande la barafu. Watoto wakanakili yote kwa utulivu, pamoja na dubu. Mwisho akauliza nani ana suali. Msichana mmoja akanyanyua kidole na kuuliza: "Mwalimu, hii taa yetu inatoka wapi?" Kengele ikalia kabla hajajibiwa.

Suali lile tulirudi nalo nyumbani, maana ndani yake mna somo zima lililokusudiwa kusomeshwa siku ile.

Taa ya mtoto yule inatoka Tanga. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unapita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya Wesha, yaliyokunywa dizeli usiku na mchana. Unguja ilitangulia kuunganishwa, mwaka 1980, kwa waya uliotoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2013 ukaongezwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100. Nyuma ya nyaya hizo kuna gesi asilia ya Songo Songo na ya Mtwara, na kuna maji ya Mtera na Kidatu, na sasa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kutoa megawati 2,115. Kwa hiyo mvua inayonyesha katika milima ya Iringa ndiyo inayomwezesha mtoto wa Wete kudurusu usiku, na gesi inayochomwa Dar es Salaam ili yeye apate mwanga huacha hewa ukaa angani. Mtoto akilifahamu hilo, amekwisha kufahamu kwa nini nishati na tabianchi husomeshwa pamoja.

Kwa Unguja, mwalimu ana hazina nyengine isiyohitaji kitabu. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Na Disemba 2009 ukakatika tena, usirudi hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, na wananchi wakalala foleni visimani. Wanafunzi wa leo wa skuli za msingi hawakuwa wamezaliwa. Waambiwe wakawaulize mama zao maji yalipatikana wapi, samaki walihifadhiwa vipi, na cherehani na vinu vya kusagia vilifanya nini. Watarudi na majibu mengi kuliko kurasa za daftari.

Yapo mambo ambayo sharti yasemwe sawasawa. Tumewasikia watu wazima, wakiwemo wasomi, wakisema kwamba joto limezidi kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Joto la dunia linazidi kwa sababu hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi hulizuia joto la ardhi lisitoke, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi usiku wa kaskazi. Kabla ya viwanda vya Ulaya hewa hiyo ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepindukia 420. Aidha mtoto aambiwe ukweli kwamba waliolishona blanketi hilo kwa sehemu kubwa ni nchi zenye viwanda, wala asitoke darasani akidhani kuwa ni moshi wa jiko la bibi yake ulioyeyusha barafu ya dubu.

Badala ya dubu, apewe mpunga wa Kisiwa Panza, ambako maji ya chumvi yameingia katika mabonde yaliyokuwa yakilimwa. Apewe habari ya mwani, uliopandwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989 na kuwatia kina mama fedha mkononi, na ambao aina yake yenye bei nzuri zaidi, kotonii, imekuwa ikifa katika maji yenye joto ya ufukweni. Apewe matumbawe yaliyopauka mwaka 1998, na tena 2016. Lakini asifundishwe kuitupia tabianchi kila lawama. Ufukwe uliochimbwa mchanga na watu, na mikoko iliyokatwa na watu, havikuharibiwa na nchi za mbali.

Hapa ndipo penye uzito. Mtoto anafundishwa skuli kwamba mkandaa haukatwi, anafika nyumbani na kumkuta mama yake anafungua mzigo wa kuni za mkandaa. Akisema aliyofundishwa, mama atamuuliza: tupikie nini? Suali hilo si la mtoto kulijibu, na ni dhulma kumtwika. Ni letu sisi tulio katika Chama na wenzetu walio katika Serikali. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Mama wa Micheweni atauona mkakati huo siku bei ya kujaza mtungi itakapolingana na mfuko wake. Na tukiwa katika kusemana, nani asiyezijua ofisi za umma ambamo kipoza hewa kinanguruma na madirisha yako wazi? Vikao vyetu wenyewe huwashiwa taa saa nne za asubuhi. Chuoni tulifundishwa kwamba israfu ya maji haifai hata kwa anayetawadha ukingoni mwa mto. Watoto hutazama zaidi kuliko wanavyosikiliza.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka skuli isiwe kisiwa kilichojitenga na kijiji. Katika jambo hili utekelezaji wake ni mwepesi. Skuli nyingi zina mita ya Tukuza ukutani: watoto waisome kila asubuhi na waandike. Katika hesabu, wapige balbu ya wati 60 inayowaka saa tano kila siku. Kwa siku 30 itakula yuniti 9, na taa ya LED ya wati 9 itakula yuniti 1.35. Kopo lililonyooka, lililowekwa uwanjani mbali na miti, na rula, vinatosha kupimia mvua ya masika na ya vuli. Kisha aitwe mzee anayehesabu miongo tangu Nairuzi, awaeleze mvua zilitarajiwa muongo gani zama zake, na daftari lilinganishwe na maneno yake. Wanaoweza kufika Kinyasini wakawaone kina mama wanaofundishwa kuunda taa za jua katika chuo cha Barefoot. Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwapatie walimu kijitabu chenye mifano ya visiwa hivi, kabla ya masika ijayo. Mwalimu wetu wa Pemba hakukosa bidii; alikosa kijitabu hicho.

Tulimpigia simu wiki iliyofuata. Alituambia kwamba siku ya Jumatatu alilirudia suali la yule msichana, akawajibu, na papo hapo likazuka jengine: waya wa Tanga una urefu gani? Walikwenda kwenye ramani ya ukutani wakapima kwa uzi wa kushonea, na vumbi la ramani likawaganda vidoleni.