Wakili Aliyekuja Bila Kuitwa

Katika wodi za majeruhi za hospitali nyingi za kaunti nchini Kenya, kuna mgeni ambaye wauguzi wanamjua kwa sura ingawa hana jamaa aliyelazwa. Huja saa ya kutazama wagonjwa akiwa na faili ya plastiki na fomu zilizokwisha kupigwa chapa, akauliza kwa upole ni akina nani waliokuwa kwenye ile matatu iliyopinduka jana. Akimwona mama aliyefungwa plasta mguu mzima, huvuta kiti. "Pole sana mama. Hii yako ni kesi safi kabisa. Hutatoa hata shilingi. Weka sahihi hapa tu, mengine atafanya wakili." Mama anatia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia una dripu.

Mgeni huyo si wakili. Mitaani huitwa broka, na analipwa na ofisi ya wakili kwa kila sahihi anayoipeleka. Wapo wenye mtu wao kituoni kwa polisi, wapo wenye mtu wao kwenye gari la wagonjwa, ndiyo maana hufika kabla ya ndugu. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, inakataza kuwatafutia mawakili wateja kwa malipo, na inamkataza wakili kugawana ujira wake na mtu asiye wakili. Tangu 2014 mawakili wameruhusiwa kujitangaza kwa masharti, lakini tangazo la gazetini ni jambo moja na kumwinamia mtu kitandani ni jambo jingine. Biashara hiyo inaendelea mchana kweupe.

Kwa hiyo, katika nchi ambayo barabara zake huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka na kujeruhi wengine wengi kuliko hao, suala la kumpata wakili wa ajali huanza kinyumenyume. Wakili keshapatikana, ila majeruhi ndiye hakuulizwa. Na fedha alizolipwa broka lazima zirudi, nazo hazirudi kutoka pengine isipokuwa kwenye fidia ya yule mama.

Haraka ya broka haina msingi katika sheria. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inampa aliyeumia miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya uzembe. Muda hupungua sana pale gari lililosababisha ajali linapokuwa la serikali: hapo ni miezi 12 tu, na wengi hugundua hivyo mlango ukiwa umeshafungwa. Namba ya gari inayoanza kwa herufi GK inatosha kumwambia mtu kwamba kalenda yake ni fupi. Lakini hata miezi 12 haimlazimishi mtu kutia sahihi siku ya tatu akiwa bado na dawa za maumivu kichwani.

Kisichosubiri ni ushahidi, na huo haumhitaji wakili. Ndugu mmoja mwenye simu anaweza kuukusanya: picha ya namba ya gari na ya cheti cha bima kilichobandikwa kwenye kioo, namba ya tukio katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, karatasi za matibabu tangu hospitali ya kwanza kabisa, na kila risiti, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Risiti zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mahakama hukadiria yenyewe fidia ya maumivu na mateso kwa kutazama kesi zilizotangulia za majeraha yanayofanana, lakini gharama zilizokwisha kutumika hailipi kwa makadirio. Lazima zitajwe katika hati ya madai, kisha zithibitishwe moja baada ya nyingine. Isiyo na risiti imekwenda na maji.

Karatasi inayostahili kusomwa polepole ni abstrakti ya polisi. Ni ukurasa mmoja wenye mistari ya kujaza kwa mkono: tarehe na mahali pa ajali, namba ya gari, jina la dereva, jina la mwenye gari, kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe inayoisha, majina ya walioumia, na chini kabisa matokeo ya uchunguzi. Herufi moja ikikosewa katika namba ya gari, kesi inaweza kumwandama mtu asiyehusika. Jina la majeruhi likikosekana, kampuni ya bima itauliza kama kweli alikuwemo. Swali hilo si la ukorofi tupu. Kampuni za bima zimelalamika kwa miaka mingi kwamba abiria wa matatu moja huongezeka kati ya eneo la ajali na mlango wa mahakama, na wanaoteseka kwa ujanja huo ni wale walioumia kweli. Kuhusu mwenye gari, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1997 kwamba abstrakti peke yake haithibitishi umiliki, kisha mwaka 2013 ikalegeza msimamo kwa hali ambapo upande wa pili haukuipinga. Wakili makini hangojei kubishana. Huchukua rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, na kumaliza maneno.

Umakini wa namna hiyo ndio unaotafutwa, na hautambuliki kwa ukubwa wa bango barabarani. Hatua ya kwanza ni nyepesi mno hata watu huiruka: kuhakikisha kwamba mtu huyo ni wakili, na kwamba ni wakili mwaka huu. Cheti cha kufanya kazi ya uwakili Kenya hutolewa kila mwaka na huisha tarehe 31 Desemba. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha inayoweza kutafutwa kwa jina mtandaoni, nayo huonyesha kama wakili ana cheti hai. Kuna watu waliowahi kuhudumiwa miaka mizima na karani aliyejiita wakili, na nyaraka zilizotayarishwa na asiye na sifa zina shida zake mbele ya hakimu.

Baada ya hapo ni kukaa naye. Kukaa na wakili mwenyewe, si na karani wake. Katika nusu saa ya mazungumzo, mteja anaweza kumpima kwa maswali anayoulizwa kuliko kwa majibu anayopewa. Wakili anayeijua kazi hii atataka kujua majeruhi alikuwa akienda wapi na kwa nini, kwa sababu jibu linaweza kubadilisha njia nzima. Kama alikuwa kazini, tuseme ni utingo wa lori aliyeumia akipeleka mzigo wa mwajiri wake, basi madai yake dhidi ya mwajiri yanaongozwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile inayoitwa WIBA, na huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo. Anayekimbilia kwa hakimu kwanza hupoteza miaka, na mwenye miaka hiyo ni mteja.

Atauliza pia kuhusu mkanda, kofia ngumu ya bodaboda, na mahali pa kuvukia. Mahakama hugawa lawama kwa asilimia. Mtembea kwa miguu aliyekatiza barabara bila kutazama anaweza kubebeshwa sehemu ya kosa, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Wakili anayesema "utalipwa zote" kabla ya kuuliza maswali hayo anauza matumaini. Abiria wa matatu nao watambue kwamba, walioumia wakiwa wengi, kesi moja inaweza kuteuliwa iamue nani mwenye kosa kwa niaba ya nyingine zote. Ni haki ya mteja kuuliza kesi hiyo inaendeshwa na nani na imefika wapi.

Halafu fedha, mahali ambapo ugomvi mwingi huzaliwa. Ahadi ya broka kwamba mteja hatatoa hata shilingi, na kwamba wakili "atakata thelathini kwa mia" kesi ikishinda, inasikika kama fadhila. Nchini Marekani mpango kama huo ni wa kawaida katika kesi za majeraha. Kenya haukubaliki: Sheria ya Mawakili inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, pamoja na yale ya wakili kujinunulia sehemu ya kinachodaiwa. Ujira huongozwa na viwango vilivyowekwa kisheria, na juu ya viwango hivyo wakili na mteja wanaweza kuandikiana mkataba, mteja akatia sahihi. Mkataba wa maandishi ndio wa kudai. Katika ofisi nyingi asilimia bado hutajwa kwa mdomo, na wanaoumia kwa mazungumzo hayo ya mdomo ni wale wasiojua kwamba yakifika mbele ya sheria hayasimami.

Lipo jambo jingine ambalo wateja wachache huelezwa. Anayeshindwa kwa kawaida huamriwa alipe fidia na vilevile gharama za kesi za aliyeshinda, ambazo hukokotolewa peke yake. Hizo ni fedha mbili. Kabla ya kutia sahihi, mteja aulize: gharama zitakazolipwa na upande wa pili zitapunguza ujira nitakaokulipa, au utazichukua juu ya ule utakaokata kwenye fidia? Swali hilo moja hupambanua ofisi. Na hundi ikija, iingie katika akaunti ya wateja, ambayo kanuni zinamtaka wakili aitenge na fedha zake mwenyewe, kisha mteja apewe hesabu kwenye karatasi: kimeingia kiasi gani, kimekatwa nini, kimebaki ngapi.

Nyuma ya hundi ipo kampuni ya bima, nayo ina mipaka. Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa hasara za watu wengine, kampuni inalazimika kulipa si zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kilichobaki kinadaiwa kwa mwenye gari, awe nacho au asiwe nacho. Sheria hiyohiyo inataka kampuni ijulishwe kuhusu kesi mapema, ndani ya muda uliowekwa. Wakili akisahau barua hiyo, mteja anaweza kushinda kesi na kukosa wa kumlipa. Kisha kuna msiba wa kampuni zenyewe kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, zote zikiwa na bima nyingi za matatu, na watu waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki wakizikunja na kuzikunjua. Ndiyo maana kusuluhisha nje ya mahakama si udhaifu kila mara. Ubaya ni pale wakili anapokubali kiasi fulani kwa simu bila kumuuliza mteja, akamwita baadaye kuweka sahihi kwenye hati ya kuachilia madai ambayo kiasi chake kimeachwa wazi.

Je, wakili awe wa karibu na nyumbani au na mahali pa ajali? Kesi ya namna hii hufunguliwa palipotokea ajali au anapoishi au kufanyia kazi mdaiwa. Mkaazi wa Kisumu aliyeumia Voi hawezi kumburuta mwenye basi hadi Kisumu kwa sababu tu ndiko kwake. Tangu Machi 2024 nyaraka za kesi hupelekwa kwa mtandao nchi nzima na vikao vingi vifupi husikizwa kwa video, hivyo masafa si kikwazo kama zamani. Lakini askari aliyepima eneo la ajali yuko Voi, na daktari wa kwanza yuko Voi. Wakili anayefika pale bila kulala njiani, anayejulikana na makarani wa mahakama ile, ana faida ambayo video haijaiondoa. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha na inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Majaji hawajaisoma sheria hiyo kwa sauti moja kuhusu kesi za ajali, basi ni vyema wakili aeleze kwa nini anaichagua au anaikwepa. Madai makubwa huenda kwa mahakimu, na hakimu mkuu husikiliza hadi milioni 20.

Anayesafiri kwa basi kati ya Mombasa na Dar es Salaam aulizie Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka ambayo Tanzania imebaki nayo ijapokuwa ilijitoa katika jumuiya yenyewe. Ajali ikitokea upande wa Tanga, sheria ni za Tanzania na wakili ni wa huko, na hati ya kwanza kutafutwa ni PF3, fomu ya polisi kuhusu majeraha, ambayo Kenya kazi yake hufanywa na fomu ya P3.

Asiye na uwezo hana haja ya kuangukia mikononi mwa broka. Kituo cha Sheria kimekuwa kikitoa msaada wa kisheria tangu 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa kazi hiyohiyo.

Na yule aliyekwisha kutia sahihi wodini? Hajafungwa. Mteja ana haki ya kubadilisha wakili wakati wowote kabla ya hukumu: wakili mpya huwasilisha ilani mahakamani, wa zamani akadai ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, na wakati mwingine akazuia faili mpaka alipwe. Akigoma bila sababu, au akikalia fedha za mteja, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko ya Mawakili, ambayo huweza kuwapatanisha au kumfikisha mbele ya jopo la nidhamu. Hukumu ikishatolewa, kubadilisha wakili huhitaji ruhusa ya mahakama au maelewano ya maandishi na wakili anayeondoka, na kwa kawaida ni wakati huohuo ambapo hundi imekaribia na maelewano yamekuwa adimu.