Magamba ya kamba na saratani: ukweli uko wapi?

Wiki hii nimeletewa ujumbe ule ule mara tatu kwa simu: saga magamba ya kamba na kaa, unga wake unywe na maji ya vuguvugu, saratani itaondoka. Mmoja wa walionitumia ana dadake anayetibiwa, na anauliza kama aache kwenda kliniki.

Lisemwalo lipo, lakini hili limepotoshwa. Ndani ya gamba la kamba mna sukari iliyoshikana na naitrojeni, jamii ya sukari ambayo wanakemia huiita sukari-amino. Viwandani gamba hupikwa kwa asidi kali ndipo ipatikane glukosamini, ile ya vidonge vya magoti vinavyouzwa madukani. Kinu cha nyumbani hakiwezi kazi hiyo.

Mwaka 1953, huko Montreal, Kanada, Quastel na Cantero waliwadunga glukosamini panya wenye uvimbe, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Zaidi ya miaka 70 imepita, na glukosamini bado si dawa ya saratani. Kufaulu kwa panya ni ngazi ya kati tu. Kwanza hujaribiwa seli kwenye kisahani cha kioo, na hapo hata siki inaua seli za saratani! Swali gumu ni je, kitu hicho kitaua uvimbe na kumwacha mgonjwa mzima, kwa kipimo ambacho mwili wa binadamu unakistahimili? Mengi hukwama hapo.

Yako yaliyopita. Walio na mgonjwa wa saratani ya matiti huenda wameiona dawa nyekundu ya dripu, inayofanya hata mkojo uwe mwekundu. Hiyo ni doksorubisini, iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Italia. Imebeba sukari-amino iitwayo daunosamini, ambayo huisaidia kung'ang'ania DNA ya seli ili isigawanyike. Ukiiondoa sukari hiyo, dawa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Ubaya wake ni kuumiza moyo. Basi wanakemia wakaichezea ile sukari: tawi moja dogo wakaligeuza upande wa pili, wakapata epirubisini, ambayo kwa kipimo sawa huudhuru moyo kidogo zaidi. Mimi hilo hunishangaza kila nikilifikiria. Ndiyo maana maabara bado zinatengeneza sukari hizi kwa maumbo mapya na kuzijaribu.

Anayedhurika akila kamba aogope huo unga. Na anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya glukosamini bila kumuuliza daktari, kwani anaweza kuvuja damu.

Yule ndugu nimemjibu: dada aende kliniki siku yake kama kawaida, na kama ameshaanza kunywa unga huo, amwambie daktari bila kuona haya. Mwenyezi Mungu amponye.