SUPU YA MATUNDA YA WATU WA NCHI ZA BARIDI



Ukisikia neno supu, unafikiri nyama, mifupa na chumvi. Lakini ziko nchi ambako watu hupika supu ya matunda. Supu hiyo ni tamu. Huliwa kwa kijiko, ya moto au ya baridi. Nchi hizo ni Uswidi, Norwei na Denmark. Ziko kaskazini mwa Ulaya. Majina yake si mageni kwetu. Nchi hizo, pamoja na Ufini, zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha Kituo cha Elimu Kibaha mwaka 1963.

Leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini watu hao hupika supu ya matunda. Pili, wanaipikaje. Tatu, supu hiyo inausaidia mwili kwa jambo gani, na haiwezi kuusaidia kwa jambo gani. Hili la tatu ndilo kubwa.

KWA NINI WANAIPIKA?

Huko kuna majira ya baridi kali. Sehemu za kaskazini, theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Wakati huo hakuna tunda shambani.

Kwa hiyo watu wa zamani walijifunza kuweka akiba. Matunda yalipoiva walikata matufaha vipande na kuyakausha. Walichuma pia matunda madogo ya msituni, wakayakausha. Zabibu kavu na plamu kavu zililetwa kwa meli kutoka nchi za joto. Zilikuwa ghali. Ndiyo maana supu yenye matunda hayo ilikuwa chakula cha sikukuu, hasa Krismasi.

Ili supu iwe nzito, hutiwa wanga wa viazi mviringo. Mwaka 1746 mwanamke wa Uswidi, Eva Ekeblad, alionyesha jinsi ya kupata unga kutokana na viazi. Mwaka 1748 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi. Watu wengine hutia punje ndogo nyeupe za wanga badala ya unga. Baadhi ya punje hizo hutengenezwa kwa mihogo, zao tunalolijua vizuri.

JINSI YA KUIPIKA

Hiki ni kipimo cha watu 6:

Matunda makavu mchanganyiko, robo kilo. Yawe plamu, aprikoti, matufaha na zabibu.
Maji safi, lita moja na nusu.
Sukari, vijiko 3 vya chakula.
Mdalasini, kijiti kimoja.
Ganda la limau, kipande kidogo.
Wanga wa viazi, vijiko 2 vya chakula.

Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda. Toa kokwe zote, maana mtoto anaweza kupaliwa.
2. Loweka matunda katika yale maji kwa saa 2 au zaidi, mpaka yavimbe.
3. Usimwage maji hayo. Yabandike jikoni pamoja na matunda, mdalasini na ganda la limau. Chemsha kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka matunda yalainike.
4. Tia sukari. Onja kwanza kabla ya kuongeza, kwa sababu matunda makavu yana utamu wake.
5. Koroga wanga katika maji ya baridi, nusu kikombe. Ukiutia mkavu katika supu ya moto, utafanya madonge.
6. Epua sufuria. Mimina wanga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko.
7. Rudisha sufuria motoni. Supu ikianza kutoa mapovu, epua mara moja. Wanga wa viazi ukichemka muda mrefu, supu hurudi kuwa nyepesi.

Funika supu vizuri. Ikibaki, iwekwe mahali pa baridi sana. Huko kwao baridi ni ya bure. Mahali pa joto, supu ya tangu jana iliyokaa nje huleta ugonjwa.

INASAIDIA NINI MWILINI?

Matunda makavu yana nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi hulainisha choo. Plamu kavu zinajulikana sana kwa kumsaidia mtu aliyefunga choo. Supu hii pia hutia nguvu kwa sababu ina sukari na wanga. Huko Uswidi kuna mashindano ya kilometa 90 yaitwayo Vasaloppet, yaliyoanza mwaka 1922. Watu huteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Njiani hupewa supu ya moto ya tunda dogo la buluu la msituni, ambalo wenyewe huliita blåbär.

HAIWEZI NINI?

Zamani watu wa nchi hizo waliugua kiseyeye wakati wa baridi. Ufizi huvimba na kutoka damu. Meno hulegea. Vidonda havifungi. Mwisho mtu hufa. Sababu yake ni kukosa vitamini C. Mwaka 1907 Wanorwei wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Wanyama hao wakapata kiseyeye. Walipopewa vyakula vibichi kama kabichi, walipona. Hapo ikaonekana wazi kwamba ugonjwa huo unatokana na chakula.

Je, supu ya matunda makavu huzuia kiseyeye? Kwa sehemu kubwa, hapana. Vitamini C huharibika tunda linapokaushwa, na huharibika tena linapochemshwa. Tunda linabaki tamu, lakini kinga hiyo imepungua sana. Ipo supu moja iliyo bora zaidi kwa jambo hili. Ni supu ya tunda jekundu la waridi la mwitu. Tunda hilo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Lakini huchujwa vizuri, kwa sababu mbegu zake zina vinyweleo vinavyowasha. Somo ni hili: utamu wa tunda si kipimo cha faida yake. Mahali palipo na matunda mabichi, yaoshwe na kuliwa mabichi.

TAHADHARI KUBWA

Watu wa Uswidi tangu zamani wamempa mtu anayeharisha blåbär kavu au supu yake. Wako wazazi wa kila nchi wanaofanya hivyo kwa vinywaji vitamu vya namna nyingine. Ndugu mzazi, sikiliza vizuri. Mtoto anayeharisha huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Kinywaji chenye sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza tumboni, na kuharisha huzidi. Tena kinywaji hicho hakina chumvi ya kutosha.

Mpe maji ya ORS. Koroga pakiti katika kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Endelea kumnyonyesha. Mpeleke zahanati apewe na vidonge vya zinki. Kama macho yamedidimia, analegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje kesho.

Mtoto mchanga asipewe supu hii. Maziwa ya mama yanamtosha mpaka atimize miezi 6. Mwenye kisukari naye asiinywe bila kumwuliza mganga wake.

Supu ya matunda ni chakula kizuri cha watu waliojua kuweka akiba. Tuiheshimu kama chakula. Tusiifanye dawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu wa nchi za baridi walikausha matunda?
2. Kwa nini wanga hukorogwa kwanza katika maji ya baridi?
3. Vitamini C hupotea kwa njia gani mbili?
4. Mtoto akiharisha, apewe nini? Kwa nini asipewe kinywaji kitamu?