Tambi zenye sifa na tambi zenye wateja

Foleni ilianzia mlangoni ikafika hadi kituo cha basi. Nilikuwa natoka Yiwu kununua bidhaa, nikapitia Guangzhou kumwona rafiki yangu, mwenyeji wa Tanga anayefanya biashara ya vipuri vya pikipiki. "Kaka, twende ukaone mradi nitakaoufungua Kariakoo," aliniambia.

Mradi wenyewe ulikuwa mgahawa wa tambi uliokuwa ukisifiwa na vijana wote wa mji ule. Tulisimama zaidi ya saa moja. Bakuli liliuzwa yuan 58. Supu ilikuwa vuguvugu, nyama vipande vitatu vyembamba, na wateja wengi walipiga picha kwanza ndipo wakala. Rafiki yangu alimaliza akanyamaza. Alikuwa na akiba ya miaka 6, na alikusudia kuimalizia kwenye mapambo kama yale.

Jioni njaa ilituuma tena. Pale Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Afrika, tuliingia katika kimgahawa cha tambi za Lanzhou. Mume anavuta unga kwa mikono, anaukunja na kuuvuta tena mpaka unakuwa nyuzi. Mke anapokea fedha, shemeji anaosha vyombo. Bakuli la Lanzhou hutambulika kwa mambo 5: supu angavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya giligilani na tambi za manjano. Mteja huchagua unene anaoutaka. Tulilipa yuan 18 kila mmoja, na bakuli lilifika kabla hatujakaa vizuri.

Wenye migahawa mingi ya jina hilo si watu wa Lanzhou. Wanatoka Hualong, wilaya ya milimani katika jimbo la Qinghai yenye Waislamu wengi, ambako kilimo hakikuwatosha. Walianza kutoka miaka ya 1980. Aliyefanikiwa humchukua ndugu yake, humfundisha kuvuta unga, naye akishaiva hufungua duka lake mji mwingine. Baadaye serikali ya wilaya iliwaongezea mafunzo na mikopo.

Usiku ule tulipiga hesabu. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, hivyo bei ya unga inaweza kupanda wakati wowote. Mwenye kodi kubwa na taa za kifahari atabanwa mapema. Mwenye sufuria moja na viti 10 anaweza kuvumilia. Tena mfinyanzi wa picha huja mara moja, lakini mwenye njaa hurudi kesho.

Rafiki yangu alirudi pale asubuhi kuomba afundishwe. Siku ya kwanza unga ulimkatikia mikononi kila alipouvuta. Mwenye duka hakumcheka. Alimkatia donge jingine.